Karatasi Ikisema, Fanya

Walimu vijana wa shule yetu wameniomba niwaandikie jinsi tulivyofundisha watoto kusoma wakati wa vita. Mkuu wa shule akaongeza kwamba kurasa mbili zingetosha. Ananijua, ndiyo maana alisema mbili, akitumaini nitaishia kumi. Sitawaambia habari za vyeo, kwa sababu sikupata cha kusimulia, wala za mshahara, kwa sababu nataka mwendelee na kazi. Nitawaambia habari za ubao, muhogo, vipande vya karatasi, na siku moja niliyokosa vibaya mbele ya mtoto wa miaka minane.

Nilianza kufundisha huku mtaani Kadutu kabla ya vita, nikiwa msichana mwenye diploma mpya na viatu vya kuazima. Nilipewa darasa la pili. Asubuhi ya kwanza watoto zaidi ya hamsini walisimama, wakasema "Bonjour, Madame" kwa sauti moja, wakakaa, wakafungua vitabu, watoto watatu kwa kitabu kimoja, wakasoma ukurasa mzima wa Kiswahili bila kukwama. Nilikuwa hata sijashika fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Nikajiona mwenye bahati kuliko walimu wote wa mji huu.

Wakati wa mapumziko alikuja Maître Sylvestre, aliyefundisha darasa la tano upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka. Akanikuta natabasamu.

"Banasoma muzuri, eh?"

"Sana, Maître."

Akatoa mfukoni wembe wa kuchongea penseli, akachukua kitabu kimoja, akakata picha ya ng'ombe iliyokuwa juu ya ukurasa. Akakata picha tu. Maneno aliyaacha yote.

"Sasa ita mumoja asome."

Nikamwita yule niliyemwona hodari kuliko wote. Mtoto akatazama tundu lililoachwa na ng'ombe, akatazama maneno, akanitazama mimi. Hakusoma hata herufi moja.

"Habasomi," akasema Maître Sylvestre. "Banaimba. Mimi banakuja kwangu mu darasa la tano, bangali banaimba. Mutoto anasoma siku yenye anabaki yeye na karatasi, hakuna mutu wa kumusaidia." Akaweka ng'ombe wake mfukoni, akaenda zake. Kitabu chenyewe kilikuwa mali ya shule, nami ndiye niliyeandikiwa kosa la kukiharibu.

Hayo ndiyo masomo yangu ya kwanza ya ualimu, na sikuyapata chuoni. Miaka iliyofuata nilipigana na wimbo. Nilificha picha. Nilianza kusoma ukurasa kutoka mwisho. Nilichanganya sentensi za juzi na za leo. Watoto nao ni wajanja, walikuwa wanajifunza nyimbo mpya upesi kuliko nilivyoweza kuzivunja.

Kisha vita vya kwanza vikafika. Tulikimbilia upande wa Nyangezi na magodoro kichwani, na tuliporudi tulikuta watu waliokosa pa kulala walikuwa wamekaa darasani kwa wiki nyingi. Madawati waliyapikia. Vitabu viliwasha moto wa madawati. Siwalaumu, mvua ya hapa mnaijua. Maître Sylvestre alikuwa ameondoka kwa miguu kwenda Lwiro kwa wakwe zake, na watu wakaniambia anafundisha huko kwenye baraza ya nyumba. Sikumwona tena.

Tukaanza upya bila kitu. Ninyi mnaolalamika kwamba chaki ya siku hizi inavunjika, sikilizeni. Tuliandika kwa muhogo mkavu. Chagua kipande cheupe, kirefu, kisicho na ukungu, kikwangue ncha kidogo, usikandamize ubaoni. Ukimaliza kifiche, usikiache juu ya meza mbele ya watoto wenye njaa. Siku moja mimi mwenyewe nilikula chaki yangu kabla ya somo la hesabu, na sitaomba radhi kwa hilo.

Lakini shida kubwa haikuwa chaki. Shida ilikuwa kwamba sikujua kama kesho kungekuwa na shule. Risasi zikilia juu ya kilima, tunafunga siku tatu. Zikilia karibu, tunafunga wiki mbili. Mtoto aliyejua kusoma akiwa mbele yangu tu, na wenzake wakimwimbia pembeni, alisahau kila kitu tukifunga. Niliwaona wakirudi na macho matupu kama wageni. Basi nikaamua kwamba watoto hawa lazima wajue kusoma bila mimi, na upesi, kwa sababu siku yoyote mimi ningeweza kukosekana. Wakati ule haikuwa namna ya kusema tu.

Nikakusanya maboksi ya sabuni, nikayakata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikaandika sentensi mbili kila kipande. Mtoto anakwenda nacho nyumbani, anamsomea mzazi, mzazi anatia sahihi au anachora msalaba, kipande kinarudi. Kwa mwezi mzima vipande vyote vilirudi na misalaba. Nilifurahi sana. Halafu nikawaita watoto mmoja mmoja, nikakuta nusu yao hawawezi kusoma hata neno la kwanza.

Mmoja wao alikuwa Nsimire. Alikuwa mtoto mdogo wa umbo, mwenye macho makubwa ya kuangalia wengine. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Nikiandika ubaoni "Simama", wenzake wanasimama, naye anasimama nusu pumzi baada yao. Baba yake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Luhwindja, na barabara ikafungwa nyuma yake. Mama yake aliuza unga wa mahindi na wa muhogo sokoni, na kila asubuhi alipita mbele ya darasa letu na beseni kichwani. Nikamsimamisha.

"Mama Nsimire, ulitia alama kwenye karatasi kwamba mtoto alisoma."

"Ndiyo, Madame. Alisoma."

"Ulijuaje kwamba amesoma vizuri?"

"Alisoma kwa sauti mukubwa."

"Lakini ulijuaje kwamba alichosema ndicho kilichoandikwa?"

Akashusha beseni chini, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwelezea mgeni njia. "Madame, mi sijue kusoma. Mi naona tu yenye anafanya."

Akabeba beseni lake akaenda sokoni. Mimi nikabaki pale mlangoni na kipande cha muhogo mkononi, nikirudia maneno yake. Anaona tu mtoto anachofanya. Basi, nikasema, niwape watoto cha kufanya.

Nikaandika vipande vipya. Havikuwa tena na sentensi za kusomea watu. Vilikuwa na amri. Sheria zilikuwa nne, na watoto walizijua kuliko sala. Soma kimya. Usimwulize mtu. Karatasi ikisema, fanya. Usieleze kitu. Asubuhi, mzazi akipita, ananiambia mimi alichoona. Kwa namna hiyo mama asiyejua herufi hata moja aliweza kunipa taarifa ya kusoma iliyo sahihi kuliko ya mkaguzi, na bila gari.

Jamani, asubuhi zile. "Madame, mutoto alitia kijiko mu kiatu ya babu yake." Nikatazama kwenye daftari langu, ndiyo, kijiko, kiatu. "Madame, wangu alivala shati, mugongo ikakuwa mbele, akalala nayo." Ndiyo. Mama mmoja alikuja amekasirika, mtoto alikuwa ameficha kifuniko cha sufuria kama alivyoandikiwa, na kwa sheria ya nne alikataa kusema kiko wapi. "Leo uandike akirudishe," akaniambia, "mi sijapika." Watu walikuwa wanacheka mbele ya darasa langu katika mji ambao kicheko kilikuwa kimepungua.

Nsimire hakunichekesha. Kwa wiki mbili mama yake alileta habari ileile: "Alikaa tu. Aliangalia karatasi, akaniangalia mi." Nyumbani hakukuwa na wenzake wa kuiga. Nilimwandikia maneno mafupi zaidi, nikamkalisha karibu yangu, nikamfunika macho pembeni asiwaone wengine. Nilianza kuvunjika moyo. Kisha asubuhi moja mama yake akaja mbio, beseni likiyumba.

"Madame! Jana mutoto alitosha kiti inje. Akakaa. Akapatia barabara mugongo, anaangalia nyumba sawa vile iko inaungua. Njo ile yenye uliandika?"

Nilikuwa nimeandika: Peleka kiti nje. Kaa. Angalia nyumba.

"Njo ile," nikamwambia, ndiyo yenyewe.

Akacheka mpaka unga ukamwagika begani kwake. Nami nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi la muhogo.

Vita vya pili vilitukuta hapo. Mji ukashikwa, na askari wakaweka kizuizi kwenye kona chini ya shule. Juu ya milima walikuwa wengine wanaopigana nao, na kila upande uliwatafuta wapelelezi wa upande mwingine. Nilipita kizuizi kile kila siku, mkoba wazi, macho chini. Nilikiona kizuizi. Kalamu yangu haikukiona. Wakati huo watoto walikuwa wanajifunza hesabu, nami nikaona ni busara kuunganisha masomo mawili kwenye kipande kimoja. Nikaandika: Simama mlangoni. Hesabu watu kumi wanaopita. Rudi ndani. Nikaandika: Nenda kwa jirani. Hesabu madirisha. Usimwambie mtu. Nikaandika: Angalia barabara. Magari yakipita, chora mstari kwa kila gari. Nilikuwa najivunia vile vipande. Kila kimoja kilikuwa na neno gumu moja tu.

Asubuhi moja, tukiwa katikati ya somo, mwanamke mmoja aliyeuza unga pamoja na Mama Nsimire akasimama mlangoni, kitenge kimemlegea, anahema.

"Madame, bamemushika Mama Nsimire. Na mutoto. Juu ya karatasi yako."

Akaeleza haraka. Walipokuwa wanapita kizuizini kuja shule, askari alipapasa fundo la kitenge cha Mama Nsimire akitafuta pesa, akakuta kipande cha boksi. Mama huyo alikuwa na desturi ya kukibeba yeye mwenyewe ili kisipotee kabla ya kuniletea taarifa. Askari akamwuliza kinasema nini. Akajibu hajui, asome yeye. Askari akasoma: Simama mlangoni. Hesabu watu kumi wanaopita.

Nikaweka muhogo mezani, nikatoka. Mkuu wa shule wa wakati ule, mtu mzuri mwenye watoto saba, alinishika mkono kwenye uwanja.

"Madame, usiende. Mambo ya askari haina correction. Ukienda batakuwa batatu."

"Ni mwandiko wangu, Directeur."

"Njo maana usiende."

Nikamwachia darasa. Na kwa akili yangu yote, nikachukua na boksi la vipande vingine, vyote, nikidhani wakiviona vingi wataelewa kwamba ni masomo.

Kituo chao kilikuwa nyumba ya mtu aliyekimbia, yenye ua wa maua mbele ambayo bado yalikuwa yanachanua. Mama Nsimire alikuwa amekaa chini ukumbini, miguu mitupu, beseni lake limepinduliwa kando na unga umekanyagwa. Nsimire alikuwa amejibana ubavuni kwake katika sare ya shule. Mama yule aliniangalia, nikaona kwamba ananitegemea mimi. Laiti asingeniangalia vile.

Kamanda alikuwa kijana, nadhifu, msomi. Kiswahili chake kilikuwa cha mbali kidogo na chetu. Akaniambia, "Karibu, Madame, keti," kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko bunduki ya aliyesimama mlangoni. Nikaeleza. Nikafungua boksi. Akavipanga vipande mezani kimoja kimoja, akawa anasoma kwa sauti.

"Nenda kwa jirani. Hesabu madirisha. Usimwambie mtu."

"Ni hesabu, kamanda. Darasa la pili."

"Angalia barabara. Magari yakipita, chora mstari kwa kila gari." Akainua macho. "Na hiki? Ficha karatasi hii mahali ambapo mama hataiona."

Nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake, nikaelewa jinsi yanavyosikika. Kama ningekuwa mahali pake, ningejifunga mwenyewe.

"Watu wa msituni wanawapenda sana watoto," akasema. "Mtoto hapekuliwi. Nani alikupa wazo hili?"

Jibu la kweli lilikuwa limekaa sakafuni nyuma yangu, na lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza. "Ni mimi," nikasema. "Ni la kwangu peke yangu."

Akamwita Nsimire asogee mezani.

"Huyu anajua kusoma?"

"Anajua."

"Bila wewe?"

"Bila mimi."

"Na akisoma, anafanya?"

"Anafanya, kamanda. Hiyo ndiyo sheria yetu. Karatasi ikisema, anafanya."

Akachana jalada la daftari, akaandika huku amekinga kwa mkono wa kushoto. Nikanyoosha shingo, sikuona maneno. Niliona jambo moja tu. Aliandika kwa herufi kubwa zote, kila moja imesimama peke yake. Mimi nilikuwa nimewafundisha herufi za mwandiko, zile za kushikana. Herufi kubwa tungezianza mwaka uliofuata.

"Nitakueleza, Madame, ili baadaye usiseme nimekuonea," akasema. "Akifanya nilichoandika, nitaamini kwamba ni shule. Asipofanya, basi hajui kusoma, na vipande hivi vilikuwa vya mtu mwingine. Mama huyu atapelekwa mahali pengine akaeleze ni vya nani. Na wewe usimsaidie."

Sote tulijua kuhusu mahali pengine. Watu walipelekwa, na familia zao zikabaki kuulizia kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Nsimire akapokea karatasi. Akaiweka karibu na uso. Nilitazama midomo yake, kwa sababu bado alikuwa anasoma kwa midomo, ingawa nilimkataza. Ilikwenda polepole, ikasimama, ikarudi, ikaenda tena. Kisha ikatulia. Akageuka akamtazama mama yake. Akatazama mlango. Akanitazama mimi. Halafu akabaki amesimama palepale, karatasi mkononi.

Hakufanya kitu.

"Nsimire," nikasema, "fanya."

"Madame," kamanda akanionya.

"Simsaidii, kamanda, namkumbusha sheria." Nikamgeukia tena mtoto. "Fanya kama imeandikwa."

Hakusogea. Macho yake yalinishikilia. Niliona yale macho ya zamani, ya mtoto anayengoja kuona wengine watafanya nini, na sitawadanganya, nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa wiki zile zote nilizomfunika macho. Mama yake alikuwa karibu kupotea kwa sababu ya mtoto asiyetaka kuinua mguu. Nikatumia sauti ambayo ninyi mliosoma kwangu mnaikumbuka, ile inayonyamazisha hata darasa la jirani.

"Karatasi ikisema, unafanya nini? Nsimire! Fanya!"

Machozi yakaanza kumtiririka, bila sauti. Miguu haikutoka mahali pake.

"Hajui," akasema kamanda. Akaanza kurudisha vipande ndani ya boksi. Yule wa mlangoni akaingia, akamshika Mama Nsimire chini ya kwapa amwinue. Yule mama hakupiga kelele, alishika tu beseni lake.

"Nilisoma."

Ilikuwa sauti ndogo sana. Kamanda akasimamisha mkono.

"Unasema nini?"

"Nilisoma," Nsimire akasema. "Sitaki kufanya."

"Imeandikwa nini?"

Akaiweka karatasi juu ya meza, akaweka kidole chini ya neno la kwanza kama nilivyomfundisha, akasoma na machozi yake, neno baada ya neno, kidole kikitembea. "Nenda nyumbani. Mama yako anabaki hapa. Usiangalie nyuma." Akaondoa kidole. "Siendi."

Kamanda aliitazama ile karatasi kama vile si yeye aliyeiandika.

"Nani alikufundisha herufi hizi?"

"Iko ku magunia ya maman," akajibu. "Za unga."

Akanigeukia. "Ulisema akisoma anafanya."

"Nilikosea, kamanda."

Sijui alifikiri nini, na sitamtungia fikira nzuri, kwa kuwa wengine waliopita mikononi mwake hawakurudi. Mwishowe akampa ishara yule askari, mkono wa Mama Nsimire ukaachiliwa. "Waende," akasema. Mimi nilibakizwa mpaka saa nane mchana. Alinisomesha kila kipande kwenye boksi na kunitaka nieleze kila kimoja ni somo gani, kisha nikaandika kwa mkono wangu kwamba hakuna karatasi yangu itakayotoka tena nje ya uzio wa shule. Boksi alibaki nalo.

Niliposhuka nilimkuta Mama Nsimire amekaa kando ya barabara chini ya kona, mtoto amelala mapajani kwake. Walikuwa wamenisubiri muda wote ule, mahali ambapo wangeweza kushikwa upya. Akasimama, akampandisha mtoto mgongoni, akamfunga kwa kitenge ijapokuwa Nsimire alikuwa mkubwa kwa kubebwa. Tukatembea. Baada ya hatua kadhaa akaniuliza.

"Madame, ulijua yenye ule mutu aliandika?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unamuambia afanye?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza bei. Tukafika njia panda ya kwao. Akasema jua ni kali, niende nikapumzike.

Wenzangu, njia hii mnaweza kuichukua, ni nzuri, na siku hizi karatasi hazikosekani. Mtoto asome kimya, afanye, na mzazi aseme alichoona, hata asiyejua herufi. Lakini sheria ya tatu nimeifuta. Tangu siku ile, mtoto akimaliza kusoma namwuliza kwanza ameelewa nini, halafu namwuliza kama atafanya. Akisema hapana namwachia nafasi aniambie sababu. Darasa linakuwa na kelele zaidi, na wakaguzi wawili waliniandikia kwamba sina nidhamu. Waliandika kweli.

Bado lilikuwepo jambo la kumaliza na Nsimire. Siku ile shule ilifungwa, na siku tatu baadaye ikafunguliwa, akaja, akakaa mahali pake. Mwalimu wa kwetu haombi radhi kwa mtoto, hasa mbele ya wengine. Mimi sikuwahi kuona, wala sikuwahi kuombwa. Nikamwita mbele. Nikasema mbele ya darasa lote kwamba Madame alimwambia Nsimire afanye jambo baya, alimwambia mara tatu, na kwa sauti kubwa, na kwamba Madame anaomba msamaha.

Watoto waliduwaa. Nsimire alinitazama, kisha akatazama chini, akapangusa pua kwa mkono wa sare. Nafikiri aliona aibu kwa ajili yangu. Alitafuta namna ya kunitoa pale mbele ya watu, na aliipata upesi.

"Madame, weye haukuisoma," akasema. "Ni mi njo niliisoma."